Sentensi Tatu Zilizokwenda Vitani

Ukikaa Simiyu muda wa kutosha, iwe kwenye mkutano wa kuchangia madawati Maswa au kwenye harusi mjini Bariadi, utamsikia mtu akisimama na kusema: nia tunayo, sababu tunayo, uwezo tunao. Waliokaa humalizia naye kwa sauti moja. Vijana waliozaliwa baada ya mwaka 2000 wanayajua maneno haya kama wanavyoujua wimbo wa taifa, ingawa wengi wao hawajawahi kuisikia hotuba yenyewe. Mwenye maneno ni Mwalimu Julius Nyerere. Aliyasema Dar es Salaam tarehe 2 Novemba 1978, alipoutangazia umma kwamba Tanzania itampiga Idi Amin wa Uganda.

Mimi ni mtu wa kusikiliza hotuba. Nazipenda kama wengine wanavyopenda taarabu au mpira, na katika Kiswahili sijasikia nyingine iliyojengwa vizuri kuliko hii. Kwa hiyo nataka kuisifu kwa utaratibu, kiungo kwa kiungo, kama mtu anavyokagua kazi ya fundi aliyebobea. Nikiisifu hivyo nalazimika pia kueleza jambo moja ambalo ufundi huo ulilifanya na ambalo hatulisemi sana: ulifunga mjadala. Ukaufunga kwa uzuri mkubwa kiasi kwamba, zaidi ya miaka arobaini baadaye, bado tunaimba mlango wenyewe bila kuuliza ndani ya chumba kulikuwa na nini.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yalivuka mpaka na kulishika eneo lote la Tanzania lililo kaskazini ya Mto Kagera, kiasi cha kilomita za mraba 1,800. Waliua raia, wakabaka, wakaswaga ng'ombe, wakapora hadi mitambo ya kiwanda cha sukari. Tarehe 1 Novemba serikali ya Amin ikatangaza kwamba eneo hilo sasa ni sehemu ya Uganda. Bariadi wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu umezaliwa mwaka 2012. Bara hakukuwa na televisheni. Kulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, kulikuwa na magazeti ya chama na ya serikali, na kulikuwa na chama kimoja. Mkulima wa pamba wa Dutwa au Nkololo aliyetaka kujua kama nchi yake inaingia vitani alikuwa na sauti moja tu ya kuisikiliza, na kwa bahati sauti hiyo ilikuwa ya msemaji hodari kuliko wote.

Sasa tuisikilize. Mwalimu anasema, "Tutampiga." Halafu: "Uwezo wa kumpiga tunao. Sababu ya kumpiga tunayo. Na nia ya kumpiga tunayo."

Hesabu mizani. Uwezo wa kumpiga tunao: mizani 11. Sababu ya kumpiga tunayo: 11. Sentensi ya tatu ina neno fupi, nia, lenye mizani mbili tu, kwa hiyo ingepwaya. Lakini mbele yake kimewekwa kiunganishi "na", na mizani inatimia 11. Sidhani kama Mwalimu alikaa na kalamu akihesabu. Huyu alikuwa mtunga mashairi, mtu aliyeitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Juliasi Kaizari mwaka 1963, ambamo Antonio anasimama juu ya maiti ya rafiki yake na kuugeuza umma mzima kwa hotuba moja. Sikio la namna hiyo halihitaji kalamu. Mizani sawa mara tatu hufanya jambo mwilini mwa msikilizaji kabla akili haijaanza kazi. Ukishasikia mbili, mwili unaingoja ya tatu, na ikija unaona imethibitishwa, ingawa hakuna kilichothibitishwa bado zaidi ya mapigo.

Kisha angalia maneno yenyewe. Hakuna ubeberu humo, hakuna uhuru wa mipaka, hakuna msamiati wa jeshi wala wa mabalozi. Kumpiga. Neno la mtoto uwanjani na la mchungaji na fimbo yake. Bibi ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na Usukumani mwaka 1978 walikuwapo wengi, alilielewa bila mkalimani.

Ndani ya neno hilo kuna herufi moja ambayo naiona ndiyo kilele cha kazi nzima: ile "m". Hakusema tutaipiga Uganda. Hakusema tutawapiga. Adui ni mtu mmoja. Kwa herufi hiyo Mwalimu aliwatoa Waganda wote kwenye lawama, akawaambia wanajeshi wake wasiwachukie wanavijiji watakaowakuta, akawafungulia mlango Waganda waliokuwa uhamishoni Tanzania. Ni uungwana mkubwa kuweza kutangaza vita bila kulitukana taifa jirani. Lakini herufi hiyo hiyo ina upande wa pili. Nchi ina mpaka. Ukisema utaipiga nchi iliyovuka mto, watu watauliza vita vinaishia mto upi. Mtu hana mpaka. Akikimbilia Masaka yuko Masaka, akikimbilia Kampala yuko Kampala. Aliyekubali "kumpiga" tarehe 2 Novemba alikuwa ameshakubali, pasipo kuulizwa, safari ambayo wakati huo ilikuwa haijatajwa popote.

Jambo la tatu ni vitenzi. Katika sentensi zile tatu tafuta anayeamua, humpati. Hakuna "nimeamua", hakuna "serikali imeazimia". Kuna tunao na tunayo. Uwezo, sababu na nia vinatajwa kama vitu ambavyo tayari tunavyo wote, kama vile mtu anavyosema jembe tunalo na shamba tunalo. Kuingia vitani ni uamuzi, na uamuzi una mwenyewe. Mwenyewe anaweza kuulizwa umeshauriana na nani, umepima njia gani nyingine, umefanya hesabu gani. Lakini kitu unachomiliki huulizwi ulikiamuaje. Kipo. Na kwa kuwa tunakimiliki sisi, mimi msikilizaji nikihoji, najihoji mwenyewe. Huu ndio ufundi wa hali ya juu kabisa katika usemi wa kivita: kuufanya uamuzi usionekane kama uamuzi.

Mpangilio nao una akili. Mwalimu alianza na uwezo. Sisi tunaoyarudia maneno haya mikutanini tumeupindua mpangilio, tunaanza na nia na kumalizia na uwezo, tena tumeliacha neno kumpiga njiani ili msemo ufae kwa zahanati na visima. Yeye alikuwa na sababu ya kuuweka uwezo mbele. Hofu ya watu siku ile haikuwa juu ya haki, kwa maana haki kila mtu aliiona. Hofu ilikuwa juu ya vifaru na ndege za Amin. Hofu hiyo ikajibiwa kwanza. Sababu ikakaa katikati, mahali ambapo sikio hupita haraka. Na nia ikaja mwisho, maana nia iko moyoni mwa msikilizaji, na hotuba inayomalizia moyoni mwako hukuacha umesimama.

Baada ya hapo aliwageukia marafiki waliokuwa wanaanza kutaja suluhu. Aliwaomba waache maneno hayo, akaeleza kwamba kuchukua nchi ya watu na kuua watu si uungwana. Neno uungwana kwa msikilizaji wa Kiswahili ni zito kuliko sheria zote za kimataifa. Rais wa nchi jirani aliyekuwa anafikiria kupendekeza mazungumzo alijikuta, kabla hajafungua mdomo, anaulizwa kama yeye ni muungwana. Pendekezo lake halikupingwa kwa hoja. Lilifanywa lisitamkike.

Naomba nieleweke. Sababu ilikuwapo kweli. Kagera ilikuwa imevamiwa, watu wetu walikuwa wamekufa, na hakuna serikali yenye haya ambayo ingekaa kimya. Huku kwetu mwano ukipigwa usiku, yaani yowe la wizi au hatari, kila mwanamume hutoka na silaha yake na kukimbia kuelekea sauti. Asiyetoka hutozwa faini. Hakuna anayesimama mlangoni kudai ushahidi. Hotuba ya tarehe 2 Novemba ilikuwa mwano wa taifa, na Watanzania walitoka. Magari ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari, mgambo waliitwa kutoka mikoa yote, wananchi walitoa ng'ombe na chakula, na jeshi lililoanza na askari kama 40,000 likavuka 100,000 ndani ya miezi michache. Bila ufundi ule wa maneno sijui kama yangetokea kwa haraka ile.

Lakini mwano huitikiwa usiku, na asubuhi watu hukaa kuuliza. Asubuhi ya vita vya Kagera ilikuwa Januari 1979. Kufikia hapo Kagera ilikuwa imerudi mikononi mwetu. Swali jipya lilikuwa limezaliwa, na lilikuwa swali gumu kuliko la kwanza: je, tuvuke mpaka? Msimamo wa serikali ulikuwa kwamba kumwondoa Amin ni kazi ya Waganda wenyewe. Hata hivyo Mutukula ilitekwa Januari, Masaka na Mbarara zikaanguka mwishoni mwa Februari, askari wa Libya waliotumwa na Gaddafi wakashindwa Lukaya mwezi Machi, na tarehe 11 Aprili Kampala ikawa mikononi mwa jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda. Kila hatua ilikuwa na hoja yake ya kijeshi. Amin hakuwa amekana madai yake juu ya ardhi yetu, Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukuwa tayari kumlaani, na mizinga iliyoachwa mlimani ng'ambo ya mpaka ingeweza kurudi kutupiga. Zilikuwa hoja nzito, na nyingine naziona sahihi hadi leo. Ila hazikuja mbele ya wananchi na hotuba yake, na mizani yake, na swali lake. Hazikuhitaji. Tulikuwa tumeshasema tunayo.

Vilevile halikuja mezani suala la mwaka 1972, wafuasi wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, walipovuka kutoka Tanzania kwenda kumng'oa Amin wakashindwa, na makubaliano ya Mogadishu ya mwaka huo yaliyotaka kila upande uache kumhifadhi adui wa mwenzake kwa ajili ya mapambano. Historia hiyo haiipi haki hata chembe kazi aliyoifanya Amin Kagera. Lakini ni historia ambayo mwananchi anayepeleka mtoto wake vitani alistahili kuwekewa mbele. Mkutano wa wakuu wa Afrika uliofanyika Monrovia Julai 1979 ulipomsikia Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria wakiikosoa Tanzania kwa kuingia nchi ya watu, wengi wetu tulikasirika. Tulikasirika kwa sababu hapa nyumbani hatukuwahi kulisikia swali hilo likiulizwa na mtu tunayemheshimu.

Gharama ilikuja polepole. Vita viligharimu takribani dola milioni 500 za Marekani, katika nchi iliyokuwa imetoka kuvunjikiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na ambayo ilikuwa karibu kupigwa na bei mpya ya mafuta. Mwalimu aliomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Waliokuwa watu wazima wakati ule watakwambia mkanda haukufunguliwa baada ya miezi hiyo. Ulikazwa. Sabuni, sukari, chumvi na mafuta ya taa vikawa vitu vya foleni. Katika Usukuma kulikuwa na tozo nyingine: silaha zilizobaki mikononi mwa watu baada ya vita zilitajwa miongoni mwa sababu za kuongezeka kwa wizi wa ng'ombe wa kutumia bunduki, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakijiji wakajiundia Sungusungu ili kujilinda. Hakuna aliyeweza kuyajua haya yote mwezi Novemba 1978. Ila uchunguzi wa uamuzi ndio mahali pekee ambapo mtu huweza kuuliza: na ikichukua muda mrefu, je? Na silaha zitarudije?

Inanisikitisha zaidi kwa kuwa sisi wa huku tuna utamaduni wa usemi unaokubali kujibiwa. Baada ya mavuno, ngoma za Wagika na Wagalu hushindana uwanja mmoja. Manju wa upande huu huimba sifa zake na kumchokonoa mwenzake. Manju wa upande ule anasikia na anarudisha. Hakuna majaji mezani. Watazamaji wana miguu. Manju akikwepa alichoulizwa, akajificha nyuma ya ngoma kubwa na nguo za kung'aa, watu huanza kusogea upande wa pili mmoja mmoja, na jioni inapofika kila mtu anaona nani ameshinda kwa kuangalia tu umati uko wapi. Mamanju wa Usukuma wanakuwa hodari kwa sababu hiyo. Hakuna sauti tamu inayokaa uwanjani peke yake.

Novemba 1978 uwanjani kulikuwa na ngoma moja. Mpigaji wake alikuwa bora, na naamini alikuwa mkweli, lakini hakukuwa na upande wa pili wa kusogelea.

Upande wa Amin tunaweza kuupima haraka, maana ulikuwa ufundi duni. Msemaji wake wa jeshi alijigamba kwamba Kagera ilitekwa kwa dakika 25, na akadai Tanzania ndiyo iliyoanza. Jeshi lake lilikuwa na maasi ndani yake, na uvamizi ulisaidia kuyafunika. Mwenye kudanganya kwa tarakimu hujiwekea mtego, kwa kuwa tarakimu hupimika. Serikali ya Uingereza iligundua hivyo pia: mwaka 2002 ilichapisha waraka uliosema baadhi ya silaha za maangamizi za Irak zingeweza kuwa tayari ndani ya dakika 45, na dakika hizo zimeiandama miaka yote tangu silaha zenyewe zikose kuonekana. Uwezo, sababu na nia havina tarakimu. Hapo ndipo ilipo tofauti ya fundi na mgeni wa kazi.

Majirani zetu wa siku hizi wamehamishia ufundi huo kwenye majina. Oktoba 2011 Kenya ilipeleka jeshi Somalia baada ya watalii na wafanyakazi wa misaada kutekwa nyara, na operesheni ikaitwa Linda Nchi. Jina hilo limekaa kama ile "m" ya Mwalimu: nani atasimama bungeni kupinga kulinda nchi? Maswali ya kweli yalikuja baadaye, baada ya mashambulio ya Westgate mwaka 2013 na ya Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, yakiwa yameshalipiwa. Uganda iliingia Kongo Novemba 2021 kwa operesheni iliyoitwa Shujaa, na wabunge wake wakalalamika kwamba hawakushirikishwa kabla.

Kwetu Katiba imeweka kitu cha thamani ambacho wananchi wachache wanakijua. Ibara ya 44 inampa Rais madaraka ya kutangaza hali ya vita. Lakini nakala ya tangazo lazima ifike kwa Spika, na Bunge liitishwe ndani ya siku 14 ili kuitafakari hali na kufikiria kupitisha au kutopitisha azimio la kuunga mkono. Kutopitisha. Waandishi wa Katiba waliliweka neno hilo makusudi. Lina maana kwamba siku hizo 14 ni za kuuliza, na mbunge wa Bariadi, wa Itilima, wa Meatu, wa Busega au wa Maswa atakayezitumia kupiga makofi tu atakuwa ameiacha kazi tuliyomtuma.

Nawaomba walimu wa Kiswahili na wa Historia wa shule za Simiyu wafanye hivi. Wacheze rekodi ya hotuba ya tarehe 2 Novemba 1978 darasani. Wawaache wanafunzi wahesabu mizani, waitafute "m", watafute anayeamua. Waifurahie, inastahili. Halafu wawape daftari na kuwatuma kwa wazee wa kijijini kwao waliokwenda vitani wakiwa mgambo au askari, wakawaulize waliambiwa wanakwenda hadi wapi, waliambiwa ni kwa muda gani, na nani aliwaambia wanavuka mpaka. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule sasa anakaribia 70. Wenzake wengi waliokufa vitani wamelala makaburi ya Kaboya, Muleba. Majibu bado yapo vijijini, lakini hayatakuwapo muda mrefu.